Nahamia kusikofika mtandao: nitokeje kwenye mkataba wa simu kabla haujaisha?

Swali: Habari, mtaalamu. Mimi ni mkunga, naishi Kampala. Nina mkataba wa miezi 24 wa laini ya malipo ya baadaye, uliokuja pamoja na simu janja. Nalipa shilingi 150,000 kila mwezi na nimeshalipa miezi 9. Nimepata kazi kwenye kituo cha afya katika wilaya ya Karenga na nahama mwezi ujao. Nilipokwenda kuangalia nyumba, simu haikushika kabisa ndani. Nikipanda mlimani napata vijiti viwili vya kupiga simu tu, intaneti hakuna. Ofisini wameniambia nikivunja mkataba nilipe miezi yote 15 iliyobaki kwa mkupuo, yaani shilingi 2,250,000. Je, ni haki kulipia huduma nisiyoweza kuitumia? Na nikiacha tu kulipa, itakuwaje?

Jibu: Dada, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Usiache tu kulipa. Ukitoa kadi kwenye simu na kunyamaza, ankara zitaendelea kutoka kila mwezi kana kwamba uko Kampala. Laini itazuiwa, deni litakabidhiwa kwa wakusanya madeni, na kama simu yako iligharamiwa na benki au taasisi ya mikopo, jina lako linaweza kufikishwa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Uganda. Siku utakapoomba mkopo wa kujenga, utaulizwa habari za simu hiyo.

Kuhusu haki, jibu lina pande mbili. Kisheria, kuhama kwako peke yake hakukuondoi kwenye mkataba. Lakini hizo 2,250,000 si lazima uzilipe zote, na watu wengi hulipa kiasi kama hicho kwa kuwa hawakuomba mchanganuo wake. Tena kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo kwa Uganda lina uzito kuliko ada yenyewe: hatima ya namba yako. Nitalifikia.

Una madeni mawili ndani ya ankara moja

Mkataba wa simu pamoja na laini ni vitu viwili vilivyofungwa kwenye kamba moja. Cha kwanza ni bei ya kifaa, ambayo unailipa kidogo kidogo. Cha pili ni huduma ya kila mwezi: dakika, bando na ujumbe. Kifaa umeshakipokea na kiko mkononi mwako, kwa hiyo deni lake lipo hata ukihamia katikati ya ziwa. Huduma ya miezi inayokuja bado hujaipokea, na kampuni nayo bado haijagharamika kuitoa. Hapo ndipo pa kujadiliana.

Kwa hiyo kabla ya kubishana na mtu, omba kwa maandishi mchanganuo wa malipo ya mwezi. Tuseme katika 150,000 zako, kifaa ni 90,000 na huduma ni 60,000. Hesabu itakuwa hivi. Kwa miezi 15, kifaa kimebakiza 1,350,000 na huduma 900,000, jumla ndiyo hiyo 2,250,000 waliyokutajia. Sasa chukua njia ya haki zaidi: unatoa taarifa ya siku 30, unalipa mwezi wa 10 kama kawaida, kisha unamaliza deni la kifaa la miezi 14, yaani 1,260,000. Jumla ni 1,410,000. Kama ulipofungua laini uliweka amana ya shilingi 150,000, amana hiyo ikatwe humo, na mfukoni utatoa 1,260,000. Kwa njia ya ofisi, hata baada ya amana hiyo kutolewa, ungelipa 2,100,000. Tofauti ni 840,000, nayo ni huduma ya miezi 14 ambayo hutaigusa.

Mgawanyo wako halisi unaweza kuwa mwingine, lakini hesabu ni ileile. Uliza pia kama kiasi wanachokutajia kimeshajumlisha VAT ya asilimia 18 au itaongezwa juu yake. Watu wengi hukubaliana bei kaunta, kisha hushtuka ankara ya mwisho inapokuja imepanda.

Wakikwambia kwamba mkataba hauonyeshi bei ya kifaa peke yake, omba bei ya simu hiyo kwa mnunuzi wa fedha taslimu siku uliyosaini. Igawanye kwa 24, izidishe kwa miezi iliyobaki, nawe utakuwa na namba ya kuanzia mazungumzo.

Sheria inasimama wapi

Kuna msomaji atakayesema kwamba mkataba usiotekelezeka umekufa wenyewe. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inalitambua jambo hilo, ila kwa tukio lililo nje ya uwezo wa pande zote mbili. Kuhama kwa ajili ya kazi ni uamuzi wako, na kampuni haikuahidi kukufuata. Ukisoma masharti yaliyochapishwa kwa herufi ndogo, karibu kila mkataba wa simu una kifungu kinachosema upatikanaji wa mtandao hutegemea umbali, milima na hali ya hewa.

Hali hubadilika katika mambo matatu. La kwanza ni pale mtandao unapopotea mahali ulipokuwa ukiishi siku uliposaini, kwa mfano mnara umezimwa na haukurudishwa. Hapo aliyeshindwa kutimiza ni kampuni, na mazungumzo yako yataanza kwa nguvu tofauti kabisa. La pili ni pale kampuni yenyewe inapobadilisha bei au ukubwa wa bando katikati ya mkataba bila ridhaa yako. Soma kifungu cha mabadiliko, kwani mara nyingi humpa mteja nafasi ya kutoka ndani ya siku kadhaa baada ya taarifa. La tatu linakuhusu wewe moja kwa moja: ramani ya mtandao. Fungua ramani ambayo kampuni inaitangaza na utazame kijiji unachohamia. Kama kimepakwa rangi ya 4G na nyumbani hupati hata 2G, piga picha ya skrini leo hii ikionyesha tarehe, kwa kuwa ramani hizo hurekebishwa. Kampuni inayotangaza kwamba iko mahali fulani haiwezi kirahisi kukudai fidia kamili kwa kuondoka kwa sababu haipo.

Jambo jingine la kulijua ni kwamba kiasi cha fidia kilichoandikwa kwenye mkataba si amri. Sheria hiyo hiyo ya 2010 inasema anayevunjiwa mkataba anastahili fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Yaani kilichoandikwa ni dari, na chini yake kuna nafasi. Huhitaji kwenda mahakamani ili kuitumia hoja hii. Iandike tu kwenye barua yako kwa adabu: "Naomba fidia ya kadiri, kwa kuzingatia kwamba huduma ya miezi iliyobaki haitatolewa."

Na usipoteze muda na hoja ya leseni. Ni kweli kwamba leseni za kitaifa zilizotolewa kuanzia 2020 ziliweka sharti la kufikisha mtandao kwenye asilimia 90 ya eneo la nchi ndani ya miaka 5. Hilo ni deni la kampuni kwa Serikali, halikupi wewe mteja haki ya kuvunja mkataba.

Thibitisha kwanza kwamba mtandao kweli haupo

Hapa naomba utulie, kwa sababu barua inayosema "huko hakuna mtandao" hujibiwa kwa sentensi moja: "Kwetu inaonekana upo." Barua yenye vipimo haijibiwi hivyo.

Kwanza, vijiti vya juu ya skrini havitoshi, kila simu huvichora kwa namna yake. Kwenye simu ya Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya SIM, utaona nguvu ya ishara kwa namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Kwa iPhone, piga *3001#12345#* kama unayepiga simu, ukurasa wa vipimo utafunguka. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 inavumilika, -110 ni ya kubahatisha, na ikikaribia -120 hakuna kitu. Kumbuka kuna alama ya kutoa mbele: -115 ni dhaifu kuliko -95.

Pima mahali panne: ndani ya nyumba katikati, dirishani, uani, na mahali pa kazi. Nyumba zenye paa la bati hukata ishara vibaya, na mara nyingine uani kuna -100 wakati chumbani hakuna chochote. Pima pia nyakati tatu, asubuhi kabla ya jua, mchana, na saa mbili usiku. Sababu yake ni hii: minara mingi iliyo mbali na umeme wa gridi hutegemea sola, betri na jenereta. Betri zikichoka au dizeli ikikosekana mnara huzimika usiku na kurudi jua likichomoza. Ukipima saa sita mchana peke yake utadhani mtandao upo, na usiku mama anapojifungua kituoni utakosa kupiga simu ya gari la wagonjwa.

Umbali nao una mipaka yake. Masafa ya chini, kama megahazi 800 na 900, husafiri mbali na kupenya kuta, ilhali masafa ya juu kama megahazi 2,600 hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Ndiyo maana mlimani unapata kupiga simu bila intaneti: ishara ya 2G inakufikia, ya 4G imeishia njiani. Hata hiyo 2G, jinsi mfumo wake ulivyoundwa, kwa kawaida haimhudumii mtu aliye zaidi ya kilomita 35 kutoka kwenye mnara, hata pasipo na kilima katikati.

Karenga iko mpakani, kwa hiyo ongeza kipimo kimoja. Simu inaweza kuukamata mnara wa Sudan Kusini na kukuonyesha jina la kampuni unayoijua. MTN, kwa mfano, iko Uganda na iko Sudan Kusini pia. Ukidhani uko nyumbani, kumbe unatozwa kwa bei za huduma ya ng'ambo, na kwa laini ya malipo ya baadaye ankara hiyo hukua bila kikomo ukiiona mwishoni mwa mwezi. Tazama namba ya mtandao kwenye ukurasa wa vipimo: Uganda huanza na 641, Kenya 639, Sudan Kusini 659. Ukiona 659, zima data ya ng'ambo, kisha nenda kwenye uchaguzi wa mtandao uondoe hali ya kujichagulia na uteue mwenyewe mtandao wa Uganda. Wakazi wa Bukwo, Busia na Kisoro nao wafanye hivyo hivyo kwa upande wa nchi wanazopakana nazo.

Kisha nunua laini ya kampuni nyingine, iliyo ya malipo ya kabla, uipime palepale kwa siku mbili au tatu. Hii ina faida mbili. Utajua utahamia mtandao gani, na barua yako itakuwa na ushahidi kwamba kampuni nyingine inafika pale na hiyo yako haifiki. Ila laini isajiliwe kwa kitambulisho chako cha taifa, usikubali iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Kama uani ishara ni -105 au bora zaidi, fikiria kabla ya kuvunja chochote. Ruta ya 4G yenye tundu za antena, pamoja na antena ya kuelekeza kwenye mnara juu ya nguzo ya mita 5 au 6, inaweza kukutosha, mradi waya usizidi mita 10 kwa kuwa waya mwembamba hula ishara. Nguzo ipite paa la bati. Usidanganyike na vikuza ishara vinavyouzwa mitaani bila kibali: vifaa vya mawasiliano vinatakiwa kuidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, na hivyo vya mitaani huuvuruga mtandao wa jirani zako wote.

Njia za kutoka

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kumpata mtu wa kuuchukua mkataba. Ndugu au mfanyakazi mwenzako aliyebaki Kampala anaweza kuingia mahali pako, kwa ridhaa ya kampuni na baada ya kukaguliwa kama anaweza kulipa. Tahadhari: wafanyakazi wa kaunta hupenda kuhamisha kila kitu pamoja, namba ikiwemo. Usikubali. Mwambie afisa waziwazi kwamba unahamisha wajibu wa malipo na kifaa, mrithi apewe namba yake mpya, nawe ubaki na namba yako kwa malipo ya kabla. Namba ikishasajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kila kilichofungwa nayo kimekwenda naye.

Ya pili ni kushusha kifurushi. Ukiomba huduma ndogo kabisa, tuseme ya shilingi 20,000, utalipa 110,000 kwa mwezi, sawa na 1,650,000 kwa miezi 15. Ni ghali kuliko kumaliza deni la kifaa kwa mkupuo, lakini mtu anayehama huwa na gharama nyingi kwa wakati mmoja, na 1,260,000 taslimu si kila mtu anazo mwezi wa kuhama. Njia hii inafaa kama bado utafika mahali penye mtandao mara kwa mara.

Ya tatu ni kumaliza deni la kifaa na kuomba fidia ya huduma ipunguzwe, kama tulivyohesabu. Kwa hali yako, kama huna mrithi, hii ndiyo ningeichagua. Anza kwa kuomba huduma iliyobaki ifutwe yote. Wakikataa, pendekeza mwezi mmoja au miwili kama fidia. Wakishikilia nusu ya miezi iliyobaki, bado umeokoa mamia ya maelfu.

Kuna pia kusimamisha laini kwa muda, lakini kwa kawaida husaidia anayesafiri kwa miezi michache. Miezi uliyosimamisha husogezwa mbele, haifutwi. Kwa mtu anayehama kwa miaka, ni kuahirisha tu.

Kuiuza simu ili ulipie deni kunawezekana, lakini kwa mpangilio: lipa kwanza, pata barua ya kumaliza deni, hakikisha kufuli la programu, lile linaloifunga simu deni lisipolipwa, limeondolewa, ndipo uuze. Simu yenye kufuli la mkopo ikiuzwa, mnunuzi ataamka siku moja aikute imefungwa, na atakayetafutwa ni wewe.

Namba usiifunge

Hili ndilo lile ambalo hukuliuliza. Uganda bado huwezi kuhamisha namba kutoka kampuni moja kwenda nyingine ukabaki nayo, kama wenzetu wa Kenya walivyoweza tangu 2011. Ukifunga laini, namba hurudi kwa kampuni, na baada ya muda huuzwa kwa mtu mwingine. Sasa hesabu kilichofungwa kwenye namba hiyo: pesa za simu, benki, akaunti ya WhatsApp, akiba yako ya NSSF, akaunti ya mamlaka ya mapato, URA, ada za shule za watoto. Mtu atakayeipata ataanza kupokea namba za siri za benki yako.

Kwa hiyo neno la kutumia ofisini si "kufunga laini". Sema: "Nataka kumaliza mkataba na kuhamishia namba hii kwenye malipo ya kabla." Hiyo ni kazi ya kawaida kwao. Lirudie kwenye barua, na kabla hujatoka uliza limeandikwaje kwenye kompyuta, kwa sababu amri mbili hizo hukaa karibu na kosa likishafanyika kulirudisha nyuma ni shida.

Laini ikishakuwa ya malipo ya kabla haikugharimu kitu kuitunza, ila haitaki kusahaulika. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na kampuni. Kila unaposhuka mjini Kaabong au Kotido, iweke kwenye simu, piga simu moja inayotozwa na utume muamala mdogo. Habari njema ni kwamba pesa za simu kwa *165# ya MTN au *185# ya Airtel hazihitaji intaneti, 2G inatosha. Vile vijiti viwili vya mlimani vinaweza kukutunzia namba. Kwa laini ya mtandao utakaotumia kila siku, tafuta bando zisizo na tarehe ya kuisha, kama zile za Freedom za MTN au Chillax za Airtel. Mahali ambapo mtandao hukatika siku tatu, bando la siku saba ni hasara.

Siku ya kubadilisha laini, toa kwanza fedha zilizo kwenye pesa za simu, au uziache kiasi kidogo tu. Si kwamba kampuni ina haki nazo. Ni zako, na sheria ya mifumo ya malipo ya 2020 inataka zihifadhiwe kando na mali ya kampuni. Lakini akaunti inaweza kusimama siku moja au mbili wakati laini inabadilishwa, na hutaki fedha za kukodi lori la kuhamia ziwe zimekwama humo.

Barua na mlolongo wake

Anza angalau siku 35 kabla ya kuhama, kwa sababu taarifa nyingi ni za siku 30 na zikichelewa kwa siku moja unaingizwa kwenye mzunguko wa ankara unaofuata. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja, kwanza upate namba ya kumbukumbu ya ombi, uiandike pamoja na tarehe, saa na jina la aliyekupokea. Simu hiyo haimalizi kitu, ila inathibitisha siku uliyoanza.

Kisha andika barua, kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi hizo. Iwe ukurasa mmoja. Taja namba ya simu, namba ya akaunti, tarehe ya kusaini na miezi uliyolipa. Eleza unahamia wapi na lini. Weka vipimo vya ishara kwenye jedwali dogo la mahali, saa na namba. Taja ombi lako kwa shilingi kamili, usiseme "naomba mnifikirie". Sema namba ibaki kwa malipo ya kabla. Omba jibu la maandishi katika siku 14.

Ambatisha nakala ya barua ya ajira, picha za skrini za vipimo na za ramani, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kijiji unachohamia, yenye muhuri, ikithibitisha kwamba utakuwa mkazi wa pale. Barua ya LC1 ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inaondoa shaka kwamba umetunga safari ili ukimbie deni. Mwombe mwenyekiti aongeze sentensi moja kuhusu hali ya mtandao kijijini.

Peleka nakala mbili kwenye duka la huduma, si kwa wakala wa mtaani. Moja wabaki nayo, nyingine wakupigie muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo hujapeleka barua. Wakisema mwenye muhuri hayupo, subiri au rudi kesho, na siku hiyohiyo tuma barua pepe yenye viambatisho vyote.

Siku ya kulipa, lipia kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si kwenye namba ya simu ya mfanyakazi hata akisema ni haraka. Dai vitu vitatu kabla ya kuondoka: risiti, barua ya kumaliza deni inayotaja IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako yenyewe, ambayo utaiona ukipiga *#06#, na uthibitisho kwamba laini imehamia malipo ya kabla. Uliza kama kuna laini nyingine kwenye akaunti hiyo, ya ruta labda, au huduma ndogo za kujiandikisha. Hizo hubaki zikitoza kimyakimya. Kama benki hukata malipo kwa agizo la kudumu, usilifute mpaka ankara ya mwisho imelipwa, kisha lifute siku hiyohiyo.

Wakikataa au wakinyamaza

Siku 14 zikipita, peleka malalamiko UCC. Tume huuliza kwanza kama ulianza kwa kampuni, na hapo ndipo nakala yenye muhuri na namba ya kumbukumbu hufanya kazi. Namba yao ya bure ni 0800 222 777, na makao makuu yako Bugolobi, Kampala, barabara ya Spring. Kanuni za kumlinda mtumiaji za 2019 zinamtaka mtoa huduma aeleze masharti na bei kwa uwazi na ashughulikie malalamiko, kwa hiyo lenga hapo: sema hukupewa mchanganuo, au hukuelezwa fidia ulipokuwa ukisaini, kama ndivyo ilivyokuwa. Usiwaambie Tume kwamba sheria inakupa haki ya kutoka bure, maana hilo silo, na litaidhoofisha hoja yako iliyo nzuri.

Kama kampuni imekata fedha baada ya mkataba kuisha, au imekataa kurudisha amana, kuna utaratibu wa madai madogo kwenye mahakama za mahakimu, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na hakuna wakili anayehitajika. Unampa mdaiwa taarifa ya madai ya siku 14 kwanza, kisha unajaza fomu. Fungua madai hayo kabla hujaondoka Kampala, au umpe ndugu nyaraka zote, kwani kusafiri kutoka Karenga kuja kusikilizwa kutakula kile unachodai.

Kwa wasomaji wenye simu za mkopo wa kulipa kila siku, hali yenu ni tofauti kidogo. Pale hakuna huduma ya kufutwa, ni deni la kifaa tu. Hatari yenu ni kwamba kufuli nyingi huhesabu siku hata simu ikiwa nje ya mtandao, lakini kufunguka kunahitaji intaneti. Lipeni siku za mbele kabla ya kuondoka mjini, na hakikisheni simu imepokea uthibitisho wa malipo mkiwa bado kwenye mtandao.

Na ukishafika Karenga, dada, iandikie UCC barua moja zaidi. Tume ina mfuko wa kufikisha mawasiliano sehemu zisizohudumiwa, ulioanza 2003 na sasa unaitwa UCUSAF. Taja kijiji, kata, vipimo vyako, na ukweli kwamba pale pana kituo cha afya kisichoweza kuita gari la wagonjwa. Mganga mkuu wa wilaya aiwekee saini pamoja nawe. Vipimo umeshavichukua, na barua inayotoka kituo cha afya ikiwa na namba za dBm si rahisi kuiweka pembeni.